Efraimu Hajafika Chini

Jumatatu asubuhi, kabla filimbi ya saa moja haijapigwa, Manase Mgaya alizunguka mnara wa tangi la maji pale Makambako akibonyeza kamba za jukwaa kwa kidole gumba. Ndivyo alivyofanya kila siku ya kazi. Kamba nzima hukataa kidole, kamba iliyooza hukipokea. Asubuhi hiyo ya Julai, mwaka 1953, vifundo kumi na saba vya upande wa kaskazini vilipokea kidole, na kimoja kikatoa maji kama tambara la kudekia.

Manase alikuwa mfunga jukwaa. Waashi hujenga ukuta, yeye huwajengea mahali pa kusimama. Ni kazi ambayo ikiwa njema haitajwi na mtu, na ukuta ukiisha hufunguliwa ikarudi kuwa rundo la miti. Alikuwa mtu wa Yakobi, karibu na Njombe, mwenye miaka arobaini na kitu, na kwa muda wa miaka kumi na tano hakuna aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa alilolifunga kwa kamba nzima. Kamba nzima alikuwa hajaiona tangu mwaka uliopita.

Alimwendea nyapara, Lameki, aliyekuwa akiota moto wa vipande vya mbao. Baridi ya Makambako mwezi wa saba haina adabu, inaingia mpaka kwenye meno.

"Kamwene, Lameki."

"Kamwene."

"Kamba za kaskazini zimeoza. Na ubao wa ngazi ya tatu una ufa katikati. Watu wasipande leo."

"Kamba zimeagizwa."

"Zimeagizwa tangu Pasaka."

"Basi zimekaa sana njiani. Zinakaribia kufika."

Manase alikwenda kwa karani, Filbert, kijana nadhifu aliyesomeshwa na mapadre, mwenye meza ndani ya kibanda cha mabati. Filbert hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amekwisha kuandika barua tatu kwenda ofisi ya kampuni, Iringa. Barua ya kwanza ilijibiwa kwa swali: vifundo ni vingapi? Akahesabu, akaandika. Ya pili ikajibiwa: je, idadi hiyo ni pamoja na vifundo vya ngazi ya kupandia? Akaandika kwamba ni pamoja. Sasa walikuwa wanauliza, kama ni pamoja, kwa nini visitenganishwe.

"Nitavitenganisha leo," Filbert alisema. "Keshokutwa gari linakwenda."

Filimbi ikalia. Waashi wakapanda. Mmoja wao alikuwa Efraimu, aliyemwoa Dorika, mdogo wake Manase. Alikuwa mwashi mpole, mwenye mkono mwepesi, mtu wa kuomba radhi hata anapokanyagwa.

"Shemeji, ubao wako unasemaje leo?"

"Kanyaga karibu na nguzo. Katikati usiende."

"Na matofali niyaweke wapi?"

"Hilo ndilo nililokwenda kumwuliza Lameki."

Saa nne kasoro robo ubao ulivunjika katikati. Efraimu alikwenda chini, mgongo mbele, mwiko ukamponyoka. Alikuwa kwenye futi thelathini. Alishuka futi kumi na mbili, akakomea hapo, hewani, mgongo ukitazama ardhi na mikono imetanuka. Mwiko ulikomea chini yake, futi tisa kutoka ardhini. Matofali sita aliyokuwa amepanga ubaoni yalifika chini yote, mawili yakavunjika.

Watu walikusanyika. Anania, mwashi mzee kuliko wote, mtu wa Liganga ambako babu zake waliyeyusha chuma, alivua kofia. Alipoona hakuna maiti akaivaa tena.

"Efraimu," aliita, "umeumia?"

"Bado," Efraimu alijibu.

Hewa ilikuwa imetulia, moshi wa jiko la mpishi ulikuwa unapanda wima. Lakini shati la Efraimu lilikuwa linapigapiga kuelekea juu kama la mtu aliyesimama nyuma ya lori linalokimbia, na machozi yalikuwa yanamtoka pembeni mwa macho, yakipanda kwenye paji la uso. Alisema samahani kwa kuvunja ubao. Kisha akaomba mtu amalizie tofali la pembeni, kwa kuwa udongo wake ungekauka.

Filbert alitoka na fomu ya ajali. Aliandika jina, kabila, kazi na saa. Alipofika mahali palipoulizwa mtu ameangukia wapi, alimtazama Lameki.

"Ameangukia wapi?"

"Hajaangukia," Lameki alisema.

"Jeraha?"

"Umemsikia mwenyewe."

Filbert aliikunja fomu akairudisha kwenye sanduku. Fomu yenye nafasi tupu ilikuwa hairuhusiwi kupelekwa Iringa, na bila fomu hapakuwa na ajali.

Mchana ule Lameki aliamuru jukwaa la kaskazini lifunguliwe. Ukuta wa upande huo ulikuwa umebakiza mistari miwili tu, nayo ingeweza kumaliziwa kutoka juu. Miti na kamba zihamie kusini. Manase aliuliza zile kamba zilizooza azifanyeje. Lameki alifikiri kidogo, akamwambia azigeuze, upande uliooza uwe ndani.

Efraimu alibaki peke yake mbele ya ukuta mtupu.

Kesho yake Manase alisimika ufito wenye alama, akampima. Alikuwa ameshuka shibiri moja. Jumatano akashuka shibiri nyingine. Hesabu ilikuwa nyepesi: futi kumi na nane ni shibiri ishirini na nne, kwa hiyo Efraimu angefika chini Alhamisi ya wiki ya nne. Wenzake walipoisikia hesabu hiyo walifurahi. Waliona kwamba jambo linakwenda vizuri.

Maisha yakajipanga. Asubuhi Lameki alipoita majina, Efraimu aliitikia "Nipo" kutoka hewani, na Filbert akaweka alama, maana alikuwa ndani ya ua wa kazi. Walimpelekea ugali kwa mti wa mwanzi uliofungwa bakuli, na uji walimnywesha kwa bomba la mwanzi. Anania alimrushia blanketi lake mwenyewe, na Efraimu akalifunga kiunoni ili lisipeperuke. Mtu wa zahanati aliitwa, akasema wagonjwa ndio wanaokwenda zahanati, si zahanati kwenda kwa wagonjwa, na tena huyu haumwi. Mchungaji alikuja kumwombea akiwa amesimama chini, shingo nyuma. Jumapili, katika matangazo, hakujua amweke na wagonjwa au na marehemu, akamweka na wasafiri.

Abiria wa mabasi ya Mbeya na ya Njombe, yaliposimama pale njia panda, walitembea mpaka kwenye ua kunyoosha miguu. Waliuliza ni wa ukoo gani. Wakiambiwa, walisema wanawajua watu wa huko, wakarudi kwenye basi.

Dorika alikuja siku ya nne, kwa miguu na kwa lori, na mtoto mgongoni. Alisimama chini ya mumewe muda mrefu.

"Umekula?"

"Nimekula, mama Ema."

"Unalala?"

"Nasinzia. Upepo unanipigia kelele masikioni."

"Upepo gani?" Dorika alitazama majani ya mihindi iliyokauka, hayakuwa yanatikisika. Kisha akamgeukia kaka yake. "Kaka, kamba ulizifunga wewe?"

"Nilizifunga mimi," Manase alisema. "Na nilisema zimeoza."

"Ulimwambia nani?"

"Wote."

Dorika akamshusha mtoto mgongoni. Ingekuwa afadhali angemlaumu. Siku hizo Manase alilala na wazo moja: angemkataza shemeji yake kwa mkono, si kwa mdomo. Angeiondoa ngazi ya kupandia. Angekaa juu yake. Aligundua kwamba kwa miezi minne alikuwa amesema kweli kwa watu watano tofauti, kwa adabu, na kweli hiyo haikuwa imefunga hata kifundo kimoja.

Ijumaa ya wiki ya pili Bwana Pringle, mwenye kampuni, alikuja kutoka Iringa kwa gari lake. Alimtazama Efraimu, aliyekuwa sasa karibu futi kumi juu ya ardhi, akauliza kama yuko kwenye mkataba. Aliambiwa yuko. Akauliza kama watu wanapita chini yake. Aliambiwa wanapita.

"Hiyo si salama," alisema.

Alikwenda nyuma ya gari akatoa kamba. Ilikuwa kamba ya katani, mpya, nyeupe, ingali na harufu ya mafuta, pima ishirini. Manase aliihesabu kwa macho, na mikono yake ikasogea mbele yenyewe. Bwana Pringle aliagiza vigingi vinne vipigwe chini ya Efraimu, na kamba ile izungushwe ili mtu asipite hapo.

"Bwana," Manase alisema, "kamba hiyo ingetosha kufunga upya ngazi nzima ya kusini. Watu wako juu sasa hivi."

"Hii ni kamba ya usalama," Bwana Pringle alimweleza taratibu, kama mtu anayemfundisha mwingine jina la kitu. "Ile ya jukwaa imeagizwa."

Jumamosi, saa tano, mwiko wa Efraimu ulifika chini.

Kwa siku kumi na mbili ulikuwa umeshuka shibiri kwa shibiri, polepole kama kivuli, na watu walikuwa wameuzoea. Asubuhi ile ulikuwa kwenye ncha za nyasi. Ulipogusa ardhi palitokea mlio kama wa bunduki. Kulikuwa na tofali hapo ndani ya kamba ya usalama, likawa vipande na vumbi. Manase alifukua kwa jembe. Aliupata mwiko mkono mzima chini ya udongo mgumu, umepinda kama jani.

Efraimu hakuweza kugeuza shingo.

"Mwiko wangu umefikaje?" aliuliza.

Waashi walitazamana. Manase ndiye aliyejibu, kwa sababu alikuwa shemeji.

"Umefika vibaya."

Shati la Efraimu lilipigapiga. "Zimebaki siku ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Samahani sana," Efraimu alisema. "Nilidhani kasi imekwisha kupungua."

Jumapili baada ya ibada walijaribu. Walimvuta mguu kidogo kwa ndoano ya fimbo kuja chini, naye akapiga kelele, na upepo wake ukavuma mpaka kofia za watu zikaruka. Wakaacha. Kisha wanaume wanne walimsukuma kutoka chini kwa miti na ubao, kwenda juu. Hapo alikuwa mwepesi kama kapu tupu. Walimpandisha hadi mikono yao ilipoishia, na walipotoa miti alirudi mahali pake palepale, si chini zaidi wala juu zaidi.

Ni Dorika aliyeona. Yeye alikuwa hatazami miti, alikuwa anatazama shati, kwa kuwa alilishona mwenyewe.

"Msukumeni tena," alisema.

Wakamsukuma tena.

"Mnaona? Akipanda, shati linatulia. Akirudi linapiga. Kule juu alikotoka hakuna upepo. Mrudisheni pale alipokuwa amesimama, ashuke kwa ngazi kama watu."

Lilikuwa jambo dogo, na lilihitaji jukwaa. Jumatatu Manase alikwenda kwa Lameki kabla ya filimbi.

"Nataka jukwaa la kaskazini lirudi. Siku moja tu."

"Ukuta wa kaskazini umekwisha," Lameki alisema. "Jukwaa la ukuta uliokwisha ni la kazi gani?"

"La kumshusha mtu."

"Si anashuka? Umempima mwenyewe. Alhamisi ya wiki ijayo atakuwa chini. Una haraka gani, Manase?"

"Umeuona mwiko."

Lameki alichochea moto. Alikuwa na watoto saba na alikuwa ameuona mwiko. "Mimi sina kamba," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini. "Ukipata kamba yako na miti yako, Jumapili si siku ya kampuni."

Ngoja ngoja huumiza matumbo. Dorika hakungoja, aliondoka siku hiyohiyo kurudi Yakobi. Pale kanisani kulikuwa na ua wa katani uliopandwa kuzuia ng'ombe. Wanawake wa kwaya waliukata wote, wakayaponda majani kwenye mawe ya mtoni, wakaanika nyuzi, na kwa siku tatu walisokota mapajani mpaka ngozi ikachubuka. Ng'ombe waliingia kanisani, wakatolewa. Ndugu zake Manase walikata mikaratusi ya baba yao, ile iliyonyooka. Kapi waliazima kwa mafundi wa misheni, Njombe. Yosefu, dereva wa lori la mahindi, alipakia vyote juu ya magunia akasema hakuviona, na Jumamosi jioni akavishusha Makambako, pamoja na Dorika.

Siku hizo Efraimu alikuwa ameshafika usawa wa kifua cha mtu, kisha kiuno. Sasa aliweza kulishwa kwa mkono. Waashi walipita wakimsalimu ana kwa ana, na wengine walianza kusema kwamba labda Manase anakuza mambo. Mtu akiwa futi tatu kutoka ardhini, walisema, hata akianguka ameanguka kutoka kitandani. Manase alichukua ule mwiko uliopinda akautundika kwenye kigingi pale walipokuwa wanapita. Wakanyamaza.

Jumapili mchungaji aliendesha ibada palepale kwenye ua, na akaifupisha. Kisha Manase akajenga jukwaa.

Alikuwa hajawahi kujenga moja kama alivyopenda. Kila mti aliugonga kwa nyundo akausikiliza, na miwili iliyotoa sauti nzito akaitupa. Kila nguzo aliiwekea jiwe bapa chini ya mguu, isizame mvua ikinyesha, ingawa mvua ilikuwa mbali. Akaweka miti ya mshazari kutoka pembe hadi pembe, ili jukwaa lisiyumbe kama mlevi. Mbao alizipanga mbili mbili, ncha zikipita nguzo kwa shibiri nzima, zikafungwa zisiteleze. Akaweka mti wa kuzuia usawa wa kiuno, na ubao uliosimamishwa ukingoni, tofali lisimwangukie mtu. Ngazi ya kupandia aliifunga juu na chini, ikapita jukwaa kwa vidato vitatu, mtu apate pa kushika. Waashi waliomsaidia walikuwa hawajui nusu ya mambo hayo. Waliuliza, naye akawaeleza bila kukasirika. Alionekana mdogo kwa miaka.

Saa saba alifika futi thelathini. Anania alipanda wa kwanza, akasimama katikati ya ubao, akaruka mara tatu na miguu yote miwili. Hakuna kitu kilicholia.

"Hili sasa ni jukwaa," Anania alisema. "Siku zote nilikuwa napanda mti kama nyani, nikadhani ndiyo kazi."

Walimpitishia Efraimu kamba ya wanawake kifuani na chini ya mapaja, wakavuta kwa kapi. Alipanda taratibu. Futi kumi, shati likapiga polepole. Futi ishirini, likawa linapepea tu. Futi thelathini likalala kifuani mwake kama shati la mtu yeyote, na machozi yakaanza kumteremka mashavuni. Manase na Anania walimshika makwapa, wakamgeuza wima, wakaiweka miguu yake juu ya ubao.

Alisimama. Alishika mti wa kiunoni kwa mikono yote miwili.

"Shemeji," alisema, "unakanyagika."

Kisha akashuka kwa ngazi, kidato kimoja kimoja. Chini, Dorika alimfunga vifungo vya shati vyote, mpaka cha shingoni. Jioni hiyo Yosefu aliwachukua kwenda Yakobi.

Jumatatu Lameki aliita majina. Efraimu hakuitikia. Filbert akaandika kwamba hayupo.

Jumanne Bwana Pringle alikuja. Alilizunguka jukwaa la Manase mara mbili, akalitikisa, halikutikisika. Alisema hajaona kazi kama hiyo tangu alipotoka kwao. Aliuliza limetoka wapi, na Filbert akamweleza yote, kwa utaratibu, kuanzia ubao. Bwana Pringle alisikiliza huku akitikisa kichwa kukubali. Halafu akaagiza jukwaa lifunguliwe. Miti ile ilifaa sana kuviringishia mabamba ya chuma ya tangi kutoka barabarani, na kamba ingefungia mabamba mengine yaliyokuwa yanangoja lori huko Iringa.

"Bwana," Manase alisema. "Tulihamishie kusini. Nitalihamisha mimi, kwa siku moja. Watu wako kusini."

"Kusini kuna jukwaa."

"Limefungwa kwa kamba zilizooza. Nilizigeuza upande."

"Manase, wewe ni mtu wa kazi, nimeona." Bwana Pringle hakukasirika. Manase angependa akasirike. "Karani, mwaka huu hapa wameumia watu wangapi?"

Filbert alifungua sanduku. Ilimchukua muda. "Hakuna, Bwana."

"Hakuna. Sasa niwaambie nini Iringa?"

"Efraimu alianguka," Manase alisema.

"Alianguka akakomea njiani, na yuko nyumbani na mkewe. Ninyi watu wa huku hamfiki chini. Akianguka mwingine, mwacheni hapo mpaka Jumapili, mfanye kama mlivyofanya. Sitawazuia." Aliwaza kidogo. "Lakini miti mtarudisha."

Miti ilikuwa ya baba yake Manase. Manase alifungua mdomo, akaona kwamba maneno yote aliyokuwa nayo alikuwa ameshayatumia. Alilifungua jukwaa mwenyewe, kifundo baada ya kifundo, kwa sababu hakutaka mwingine azikate kamba za wanawake kwa kisu.

Alhamisi, saa tisa alasiri, Anania alikuwa kusini, ngazi ya nne, akiweka mstari wa mwisho kabla ya zege. Kifundo kilichogeuzwa kilifunguka na mti wa kulala ukatoka. Wote waliusikia ubao ukienda.

Waashi waliacha kazi wakatazama hewani. Walitazama usawa wa futi kumi na nane, kwa kuwa walijua pa kutazama. Mpishi alitoka jikoni akakinga macho kwa mkono. Lameki alitazama juu zaidi, labda Anania alikomea mapema, alikuwa mwepesi kwa uzee. Manase alikimbia mpaka kwenye kona akatafuta mbele ya ukuta wote, futi kwa futi, kutoka kilele hadi madirishani. Kulikuwa na vumbi la chokaa linaelea, na jua.

Ni Filbert, aliyetoka kibandani na fomu mkononi, na ambaye hakuwa na mazoea ya kutazama juu, aliyetazama chini.

Walimfunika Anania kwa blanketi lake, ambalo Efraimu alikuwa amelikunja vizuri akalirudisha. Liganga ni mbali. Alizikwa Makambako Ijumaa asubuhi, na kazi ikaanza saa tano, kwa kuwa zege lilikuwa limekwisha kuchanganywa. Fomu ilikwenda Iringa bila nafasi tupu hata moja. Lameki alimpa Manase mti uleule na kamba ileile, na Manase akafunga.

Filimbi ikalia. Waashi walijipanga chini ya ngazi ya kupandia, na kila mmoja, kabla hajapanda, alimsogelea Manase akamwuliza kwa sauti ya chini, si kama kamba ni nzima, bali kama anadhani yeye angekomea futi ngapi. Manase aliwajibu mmoja mmoja kwamba hajui.

Wakapanda.